Faru Huzaa Polepole

Ndugu msomaji, je, umewahi kumwona faru? Wengine humwita kifaru. Wazee wengi walimwona karibu na mashamba yao. Watoto wetu wengi humwona katika picha tu. Kwa nini? Tumfahamu kwanza mnyama huyu.

Chakula chake

Faru wa kwetu Tanzania ni faru mweusi. Hali nyasi sana. Hula majani na vijiti vya vichaka, hata vyenye miiba. Mdomo wake wa juu umechongoka. Huutumia kama kidole kushika tawi na kulivuta. Mchana wa jua kali hulala kivulini au hugaagaa katika matope. Matope humpoza na kumkinga na wadudu.

Macho, pua na masikio

Macho ya faru ni dhaifu. Lakini pua yake ni kali na masikio yake husikia sana. Ukiwa upande unakotoka upepo, atakunusa kabla hujamwona. Akishtuka anaweza kukurukia, na mbio zake huziwezi. Ukimwona kwa mbali, rudi nyuma kimya. Akikujia, panda mti au jifiche nyuma ya mti mkubwa.

Faru ana rafiki. Ni ndege anayekula kupe mgongoni mwake. Ndege huyo huitwa askari wa kifaru. Akiona mtu hupiga kelele, na faru husikia na kujihadhari.

Uzazi wake

Wewe mfugaji unajua kwamba ng'ombe hubeba mimba miezi 9. Faru hubeba miezi 15. Huzaa ndama mmoja tu. Ndama hukaa na mama yake miaka 2 hadi 4, akimfuata nyuma vichakani. Ng'ombe akitunzwa vizuri anaweza kukupa ndama 7 katika miaka 10. Faru huzaa kama 3 tu. Basi mtu akimwua faru jike mwenye ndama mchanga, ameua wawili. Ndama huyo hufa kwa njaa au huliwa na fisi.

Pembe si dawa

Majangili humwua faru kwa ajili ya pembe. Wako watu katika nchi za mbali wanaodhani kuwa ni dawa. Sasa tazama ukucha wako. Pembe ya faru haina mfupa ndani. Imefanyika kwa kitu kile kile kilichofanya ukucha wako na nywele zako. Je, nani alipona homa kwa kutafuna kucha?

Mwaka 1970 Afrika ilikuwa na faru weusi kama 65,000. Kufika mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500. Baadaye ulinzi uliongezwa, na sasa wamepita 6,000. Faru akilindwa huishi miaka mingi. Fausta, faru jike wa Ngorongoro, alikufa Desemba 2019 akiwa na umri wa miaka 57.

Kazi yetu

Ukiona nyayo za faru, usizitangaze kilabuni. Ukimwona mgeni anayeulizia faru au pembe, mwarifu ofisa mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori upesi. Ng'ombe aliyekufa hununuliwa mwingine mnadani. Faru hauzwi mnadani.