Mla Mizizi wa Illinois

Ukitaka kujua kama funza wa mizizi wameingia kwenye mahindi ya Illinois, majani hayatakuambia kitu mapema. Chimba. Mwezi wa Julai hiyo ndiyo kazi tunayopewa sisi wanafunzi wa kilimo: kung'oa shina na bonge lake la udongo, kuliloweka kwenye pipa, kisha kulipiga maji ya mpira mpaka mizizi ibaki mitupu. Mizizi mizima ni myeupe. Iliyochimbwa na funza ina vijia vya kahawia, na iliyoliwa hasa imebaki vigutu. Kila shina hupewa alama kati ya 0 na 3: alama 1 ni duru moja nzima ya mizizi iliyotafunwa, 3 ni duru tatu. Duru moja ikienda, mavuno hupungua kwa takribani asilimia 15. Mimi nimelelewa na mahindi ya Kitale, Kenya, kwa hiyo nikiandika 2 naona magunia yakiondoka.

Mharibifu ni buu jembamba, jeupe, lenye kichwa cha kahawia. Likikomaa huwa mbawakawa wa milimita tano au sita hivi, wa manjano, mwenye mistari myeusi mgongoni, anayekula chavua na ndevu za mahindi. Wataalamu humwita Diabrotica virgifera. Mtaalamu wa wadudu LeConte alipomweleza kisayansi mwaka 1868, kutokana na wadudu waliopatikana Kansas, mbawakawa huyu hakuwa na kesi na mkulima yeyote. Kesi ilianza Colorado mwaka 1909. Kadiri mahindi yalivyorudiwa kila mwaka kwenye shamba lile lile, naye alizidi kusonga mashariki.

Dawa za mwanzo, aldrin ikiwemo, zilikuwa zimeanza kushindwa Nebraska kufikia miaka ya 1960. Lakini kulikuwa na njia ya bei nafuu. Jike hutaga kwenye udongo wa shamba la mahindi, mayai hulala humo msimu wote wa baridi, na mabuu yakianguliwa yasipokuta mizizi ya mahindi hufa njaa, maana soya hayaiwezi. Basi mwaka huu mahindi, mwakani soya, na shida imekwisha.

Ilikwisha hadi 1987, mahindi yaliyopandwa baada ya soya katika wilaya ya Ford, Illinois, yalipokutwa yameliwa mizizi. Hapa ndipo utafiti wa mdudu huyu unaponivutia kuliko popote. Fikiria eneo ambalo karibu kila jirani anapokezanya mahindi na soya. Jike mwaminifu, anayetaga kwenye mahindi tu, watoto wake wote wanazaliwa kwenye soya na kufa. Jike mzururaji, anayetaga hata kwenye soya, watoto wake wanaamkia mahindi. Wakulima walikuwa wakimchagua mzururaji mwaka baada ya mwaka, kwa mikono yao wenyewe. Ila mzururaji lazima astahimili majani ya soya, ambayo yana kinga inayovuruga usagaji wa chakula tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba bakteria wa utumbo humsaidia: wakipunguzwa kwa antibiotiki, ustahimilivu unashuka. Hivyo aliyeshinda mzunguko wa mazao si mbawakawa peke yake, ni yeye na wapangaji wa tumboni mwake.

Binamu yake wa kaskazini, Diabrotica barberi, hakujisumbua kuhama. Baadhi ya mayai yake hulala baridi mbili, soya ikapita, ndipo yanaanguliwa.

Mbegu za kisasa zenye sumu ya bakteria wa Bt dhidi ya funza huyu ziliingia sokoni 2003. Kufikia 2009 baadhi ya mashamba ya Iowa yalikuwa yanaliwa tena, na mwaka 2011 Aaron Gassmann na wenzake wakathibitisha usugu. Mashamba hayo yalikuwa yamerudiwa mbegu ya aina hiyo angalau misimu mitatu mfululizo. Mimi sioni ujanja wa mdudu hapo, naona uvivu wetu.

Baba huniuliza kwa simu kama mdudu huyu atafika kwetu. Swali lake si la bure: viwavijeshi wapya walivuka kutoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016, na huyu mbawakawa alikutwa karibu na uwanja wa ndege wa Belgrade mwaka 1992. Namjibu kwamba hajaja, lakini apumzishe lile shamba la chini kwa maharagwe au viazi, kwa sababu hata ugonjwa wa mahindi uitwao MLN, ulioanzia Bomet 2011, hupenda mahindi yasiyokatika. Yeye hunikumbusha kwamba karo yangu ililipwa na mahindi.