Mkono wa Chuma Ukatao kwa Mwanga

Mfanyakazi wa Kigali hana haja ya kufundishwa maana ya kukata chuma. Ukipita Gakiriro ya Gisozi siku ya kazi utaisikia kazi hiyo kabla hujaiona: diski inalia juu ya bomba, cheche zinaruka, na kijana amechutama na chaki mkononi akipima geti la mtu. Akikosea kipimo, bamba limeharibika, na mara nyingi hasara hiyo humrudia yeye.

Katika viwanda vikubwa vya magari na mashine duniani, kazi hiyo hiyo hufanywa na mkono wa roboti uliobeba leza. Tumeona yafaa kuieleza hapa, kwa kuwa wenzetu wengi wameisikia kwa jina tu, na wengine husema ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu.

Leza ni mwanga uliokazwa ukawa mwali mmoja mwembamba wenye nguvu. Ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Mwaka 1967 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba mwali huo ukisaidiwa na oksijeni inayopulizwa kwa nguvu hukata chuma. Roboti nayo ilikuwa imekwisha kuingia kiwandani mwaka 1961, kwa General Motors huko New Jersey. Siku hizi vitu hivyo viwili hufanya kazi pamoja. Mwanga hupita ndani ya uzi wa kioo hadi kwenye kichwa cha kukatia, chuma huyeyuka katika mstari mwembamba sana, gesi hupuliza kile kilichoyeyuka, na mkono hufuata mchoro uliomo katika kompyuta. Kipande cha elfu moja hutoka sawa na cha kwanza. Mabamba bapa hupakiwa na kupakuliwa na mashine nyingine, hata zamu ya usiku huweza kwenda na watu wachache mno.

Tuchukue nguzo ya mlango wa gari. Siku hizi chuma chake hupashwa moto kufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kikashindiliwa katika kalibu na kupozwa papo hapo. Kikitoka humo kimekuwa kigumu kiasi kwamba visu vya kukatia huchakaa upesi. Ndipo roboti ya leza huletwa kusawazisha kingo na kutoboa matundu.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Juni 2018 Volkswagen ilifungua Kigali kiwanda cha kuunganisha magari, ikatangaza mtaji wa dola milioni 20 na nafasi za kazi zitakazofikia 1,000. Tulifurahi, na leo hatusemi vinginevyo; kazi ni kazi. Lakini magari hayo yaliletwa kwa sehemu, na bodi zilifika zikiwa zimekwisha kukatwa, kuchomelewa na kupakwa rangi ng'ambo. Kilichobaki kwa fundi wa Kigali ni kufunga na kukaza. Kwa hiyo anayesema kwamba roboti ya kukata haijafika kwetu amesema nusu tu. Yenyewe haijafika, ila imekwisha kutugawia kazi: sehemu yenye ujuzi mkubwa na ujira mkubwa imebaki huko iliko roboti, nasi tumeletewa spana.

Hata huku mitaani dalili ziko. Tazama mageti mapya ya Kigali yenye maua na majani yaliyokatwa kwa mashine ya kompyuta. Fundi hununua bamba likiwa tayari, kisha huchomelea fremu tu. Mteja amefurahi, na fundi amepungukiwa kazi ya siku nzima.

Hatuwaambii wenzetu wavunje mashine. Mwezi Mei 2020, wakati wa Korona, Kigali ilipokea roboti tano za kuhudumia wagonjwa, zikapewa majina ya Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Zilipima joto la mwili ili muuguzi asikaribie ugonjwa bila sababu. Yule muuguzi alikingwa, hakufukuzwa. Mambo yalikuwa mengine huko Lordstown, Marekani, ambako General Motors iliweka roboti za kuchomelea bodi. Uongozi ulipunguza watu na kutaka mwendo wa magari kama 100 kwa saa, yaani kila mtu amalize kazi yake kwa sekunde 36. Mwezi Machi 1972 wafanyakazi waligoma kwa muda wa wiki tatu hivi. Hawakugombana na roboti. Waligombana na mwendo waliowekewa wao.

Liko na suala la usalama, na hapa tunaomba msomaji asome polepole. Mwali wa leza nyingi za kukatia chuma hauonekani kwa macho. Ukiakisiwa na chuma king'aacho ukaingia jichoni, huunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na kidonda hicho hakiponi. Miwani ya mchomeleaji haitoshi. Inatakiwa miwani iliyotengenezwa kwa aina ile ile ya mwali, na mashine yenyewe ifungiwe ndani ya kibanda ambacho mlango wake ukifunguliwa leza inazimika. Tajiri mwenye haraka huona swichi ya mlango huo ni usumbufu, akaamuru ifungwe kwa waya. Asikubali mtu. Moshi wa bati lililopakwa zinki huleta homa, na ule wa chuma kisichoshika kutu una kromiamu iwezayo kuleta saratani. Bila kifaa cha kuvuta moshi, kazi isianze. Na mkono wenyewe hauoni mtu: mwaka 1979, katika kiwanda kimoja cha Michigan, mkono wa roboti ulimpiga na kumwua mfanyakazi wa miaka 25 aliyepanda kuchukua vipande vya chuma.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2018, unamlinda mfanyakazi aliyeiacha kazi kwa kuona hatari kubwa iliyo karibu. Wawakilishi wetu waujue kifungu hicho, namba 13, kama wanavyojua saa za kazi.

Tena mazungumzo yafanywe kabla mashine haijashushwa kwenye lori. Ikishafungwa chini kwa bolti, mwajiri hana haraka tena ya kuzungumza. Tudai iandikwe nani atafunzwa kuiendesha na kuitengeneza, akiwamo fundi wa diski aliyekaa pale miaka kumi, si kijana mgeni peke yake. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi na yalipwe. Na ujira upande pamoja na idadi ya vipande.

Wenzetu wanaofanya kazi karibu na leza au mashine za kukata za kompyuta, hapa Kigali na mikoani, watuandikie: mashine ni ya aina gani, imefungiwa ndani au iko wazi, walikuwa wangapi kabla haijaja, na sasa ni wangapi. Majina yao hatutayatoa.