Chai ya saa nne yafungua kinywa na moyo

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho wewe, mwenzako na watoto wenu mlipoketi kwenye meza moja bila ya yeyote kutazama saa? Ikiwa jibu lako ni Krismasi iliyopita, usione haya. Si wewe peke yako.

Maisha ya Nairobi ni ya mbio. Mimi huondoka nyumbani Buruburu kabla ya jua kuchomoza, na nirudipo usiku wanangu wamekwisha kulala. Jumamosi ni siku ya kufua, kwenda sokoni na kuhudhuria mazishi. Inabaki Jumapili. Nayo ukiipoteza, juma zima limepita hivi hivi.

Ndiyo maana mwaka huu tulijiwekea desturi. Tukitoka katika ibada ya kwanza, hatupitii nyumbani. Twaenda moja kwa moja hadi mkahawa mdogo ulio mwisho wa barabara yetu. Una meza sita tu, vitambaa vya plastiki vyenye maua, na redio isiyopigia watu kelele. Mwenyewe ni mama kutoka Mombasa, na sifa yake ni mahamri kwa mbaazi za nazi.

Kama hujawahi kuonja, hebu nikudokezee. Mbaazi hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa hadi zilainike. Tui jepesi hutiwa kwanza. Lile zito huja mwishoni, juu ya moto mdogo, hadi mchuzi ushikane. Unga wa mahamri nao hukandwa kwa tui, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, halafu vipande hukaangwa hadi vifure kama puto. Ili wewe ule Jumapili, lazima mama huyo aanze kazi Jumamosi jioni. Chakula cha namna hiyo hakipikwi kwa haraka, wala hakiliwi kwa haraka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Kizungu. Ni kweli Waingereza wana mlo ulio kati ya staftahi na chakula cha mchana, wanaouita brunch. Mwaka wa 1895, mwandishi Guy Beringer aliutetea akisema kwamba Jumapili watu waamke kwa utaratibu, wale kwa kuchelewa na wazungumze. Lakini ni Mkenya gani asiyeijua chai ya saa nne? Twainywa afisini, shuleni na hata shambani. Kasoro ni moja tu: twainywa na wafanyakazi wenzetu, si na watoto wetu.

Umuhimu wa jambo hili niliufahamu Jumapili moja tukiwa mezani pale. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameanza hamri lake la pili. Bila ya kuniangalia, alisema kwamba kwa majuma mawili alikuwa akirudi kutoka shuleni kwa miguu. Jioni, makanga walimkataa kwa sababu wanafunzi hulipa nauli ndogo, na nafasi hiyo walitaka kumpa mtu mzima. Alikuwa akifika nyumbani giza likiingia. Mama yake alidhani kwamba amechelewa kwa ajili ya masomo ya ziada.

Mbaazi zilinikwama kooni. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza.

"Ningekueleza lini, Baba?" akajibu.

Sikuwa na la kusema. Juma lililofuata, mimi na wazazi wengine wawili wa mtaa wetu tulielewana na jirani mwenye gari awarudishe watoto wetu jioni, nasi tuchangie mafuta. Jambo lenyewe lilimalizika kwa siku mbili. Lililochukua majuma mawili ni kulisikia tu.

Pengine utauliza kwa nini tusizungumze nyumbani. Nyumbani kuna televisheni, na kuna masufuria. Mama watoto hawezi kutulia na huku anageuza chapati na kuosha vikombe. Mkahawani, naye huletewa chai kama mgeni. Kwetu sisi wanne, mahamri kumi, bakuli tatu za mbaazi na birika moja la chai ya maziwa hututosha hadi karibu saa saba. Kama mfuko hauruhusu kila juma, iwe mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia. Tena si lazima iwe mbaazi. Hata chai na mandazi kwa jirani anayepika kibandani yatosha, mradi kuwe na benchi la kukalia.

Sisi tuna sheria moja. Simu zote huingia katika mkoba wa mama hadi birika liishe. Gazeti pia, hata hili unalolisoma.

Nawe mwanafunzi uliye chuoni, usingoje mzazi aanze. Ukija nyumbani mwisho wa juma, mwombe baba au mama mtoke mkanywe chai. Huenda naye ana neno ambalo amekosa wakati wa kulisema.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huwezi kuziba ufa usiouona. Jumapili ijayo, ifikapo saa nne, keti na watu wako, umimine chai, kisha unyamaze kidogo. Wape nafasi waseme.