Je, Wajua? Dakika Nyingi za Kiharusi Hupotelea Hospitalini, Si Barabarani

Je, wajua kwamba bonge la damu likiziba mshipa mkubwa wa ubongo, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika? Hesabu hiyo aliitoa daktari Jeffrey Saver wa Marekani mwaka 2006.

Mgonjwa wa kiharusi cha namna hiyo akichelewa kutibiwa, wengi wetu tungelaumu foleni za barabarani. Lakini huko Marekani, wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 108,000 waliohamishwa kwa rufaa kati ya 2019 na 2021 walifuatiliwa, ikaonekana kwamba nusu yao walikaa dakika 174 au zaidi katika hospitali ya kwanza. Karibu saa tatu, na safari bado haijaanza! Mwongozo wa wakati huo ulitaka muda huo usizidi dakika 120. Waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 27 tu. Wanawake, wazee wa miaka 80 na zaidi, na Wamarekani weusi walisubiri zaidi ya wenzao, jambo ambalo halipaswi kuvumiliwa hata kidogo. Pale wahudumu wa ambulansi walipoipigia simu hospitali kabla ya kufika, ziliokolewa kama dakika 20.

Kwa mshtuko wa moyo, nchi hiyohiyo ilipiga hatua mapema. Kwa wasiohitaji rufaa, muda wa kawaida kutoka mlangoni hadi mshipa kuzibuliwa kwa puto ulishuka kutoka dakika 96 mwaka 2005 hadi 64 mwaka 2010. Daktari wa zamu aliruhusiwa kuita timu nzima kwa simu moja, bila kumsubiri bingwa aje kuthibitisha. Waliohitaji rufaa hawakubahatika hivyo: utafiti wa 2011 ulikuta ni asilimia 11 tu walioondoka hospitali ya kwanza ndani ya dakika 30 zinazotakiwa.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Helsinki, Finland. Mwaka 1998 mgonjwa wa kiharusi alisubiri dakika 105 tangu afike hadi achomwe sindano ya kuyeyusha bonge. Kufikia 2011, zilibaki 20. Historia yake ilichukuliwa kwa simu angali njiani. Alipofika, hakuhamishiwa kitandani: alisukumwa kwa machela ileile ya ambulansi moja kwa moja hadi kwenye kipimo cha CT kinachopiga picha ya ubongo, na sindano ilichomwa palepale juu ya meza ya kipimo.

Tangu 2008 inajulikana kuwa sindano hiyo husaidia hadi saa nne na nusu baada ya dalili kuanza. Kwa aliyeamka mdomo umepinda na mkono umelegea, kama hakuna picha maalumu za ubongo, muda huhesabiwa tangu alipokwenda kulala akiwa mzima. Ndiyo maana daktari, kabla ya mengine yote, huwauliza ndugu: "Mara ya mwisho mlimwona yuko sawa saa ngapi?"