Kengeleni ni kengele ya nani?

Kila siku makondakta wa matatu huita "Kengeleni!" pale Kisauni, na abiria hushuka bila kujiuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, lakini waliookolewa hawakuwa na pa kurudi. Mwaka 1875 wamishenari wa Kianglikana wa CMS wakawapa makao hapa, wakapaita kwa jina la Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa na Uingereza kuudai mkataba ule.

Wayao, Wamakua na Wanyasa, kila mtu na lugha yake, wakakutana katika Kiswahili na katika Kanisa la Emmanuel. Kengele iliwaita kusali. Wazee husimulia kwamba iliwaonya pia wawindaji wa watumwa walipokaribia.

James Mbotela, mtoto wa kijiji hicho, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934. Wajukuu na vitukuu wao bado tunaishi nao. Tusiwaite wageni: kituo chetu kina jina la kengele yao.