Utafiti wa Afya na Madaraka ya Umma: Funzo la Rufiji

Mtafiti wa afya afikapo kijijini huja na karatasi ya ridhaa. Mwananchi husomewa, huulizwa kama amekubali, kisha hutia saini au dole gumba. Makada wengi huridhika hapo na kusema kuwa wananchi wameshirikishwa. Kauli hiyo ina kosa la msingi. Kuombwa kukubali jambo lililokwisha kuamuliwa si kuamua. Mfano wa Rufiji unaieleza vizuri tofauti hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Rufiji. Swali lao lilikuwa hili: je, fedha kidogo zikipangwa kufuatana na maradhi yanayoua watu hasa, zitaokoa maisha? Basi mwaka 1998 ikaanza hesabu ya kaya, makao yake Ikwiriri. Makarani walizipitia nyumba mara tatu kwa mwaka wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea kifo, wafiwa walihojiwa juu ya dalili za ugonjwa ili sababu ya kifo ijulikane.

Matokeo hayakuwa madogo. Wakuu wa afya wa wilaya walipewa uwezo wa kupanga fedha wenyewe, nyongeza isiyozidi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, wakiongozwa na takwimu hizo. Malaria ya watoto ikapewa uzito unaostahili. Katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sababu zilikuwa nyingi, vyandarua vikiwamo, lakini funzo ni wazi: madaraka yakisogezwa karibu na tatizo, huzaa matunda.

Sasa tuulize: madaraka hayo yalisogea mpaka wapi? Yalitoka Dar es Salaam yakafika wilayani. Kijijini, wananchi walijitolea nguvu zao kukarabati zahanati, na walijibu maswali ya makarani. Swali la utafiti halikutoka kwao. Hata mipaka ya eneo hawakuichora wao. Hesabu ilifanyika Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri na jirani zake. Visiwa vya delta havikuwamo. Mwananchi anayengoja maji yajae ndipo apakie mgonjwa mtumbwini hakuhesabiwa. Huenda zilikuwapo sababu za kitaalamu, lakini anayechora mpaka ndiye mwenye madaraka.

Kwa hiyo kada ayatafute madaraka mahali panne. Kwanza, nani amechagua swali? Pili, nani ameamua watakaohesabiwa na watakaoachwa? Tatu, nani anapanga matumizi ya fedha? Nne, takwimu ni mali ya nani, na nani husomewa matokeo kwanza? Mwaka huohuo 1998, wenyeji wa asili wa Kanada, waliochoka kuchunguzwa na wageni, waliweka kanuni kwamba takwimu zinazowahusu ni mali yao, wazisimamie, wazifikie na wazihifadhi wao. Kanuni hiyo ilitoka katika nchi ileile iliyofadhili hesabu ya Rufiji.

Wapo wasemao kuwa mwanakijiji hajui takwimu. Hiyo ni kasumba. Njia ya kupima ni kazi ya mtaalamu, na umma usimwingilie. Lakini mvuvi wa delta hahitaji shahada kujua ni miezi gani zahanati haifikiki. Tujihadhari pia na kosa la pili: mwenyekiti kutia saini peke yake kwa niaba ya wote, huku akina mama, ambao ndio hujibu maswali mengi, hawajaitwa.

Vyombo vya kazi hii tunavyo. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kukemea viongozi wanaowapangia watu bila wao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kibali cha utafiti kutoka ngazi ya taifa ni lazima, lakini hakichukui nafasi ya mkutano huo. Mradi uletwe hapo ungali rasimu, uweze kurekebishwa au kukataliwa. Na matokeo yarudi hapohapo, kwa Kiswahili, kabla ya wakati wa bajeti.

Mama aliyemweleza karani jinsi mwanawe alivyokufa kwa degedege ametoa kitu kizito kuliko fedha ya mfadhili yeyote. Anastahili kujua jibu lake lilikwenda wapi, na kuwa na kauli katika swali litakalofuata.