Ziwa la Moto la Mlima Nyiragongo

Watu wa Malindi waliozoea kuwapeleka wageni Marafa wanajua jinsi wageni hao wanavyoshangaa wakifika ukingoni mwa Nyari, lile bonde lenye nguzo za mchanga mwekundu, mweupe na wa manjano, ambalo Wazungu waliliita Jiko la Jehanamu. Jua likikaribia kutua kuta zake huwaka kama makaa, na si mgeni mmoja aliyeuliza kama pale palikuwa na mlima wa moto zamani. Jibu ni kwamba hapakuwa. Nyari ni kazi ya mvua na upepo juu ya mchanga ulioshikamana, wala hapana moto uliopita pale. Jiko lenye moto wa kweli liko mbali na Pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kuelekea magharibi, ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Kongo. Jina lake ni Nyiragongo.

Hata hivyo wenyeji wa Malindi na Kilifi si wageni kabisa wa mambo haya. Mto Sabaki, ambao maji yake ya matope huonekana baharini kila masika kaskazini ya Malindi, huko juu huitwa Athi, na kwa masafa marefu hupita chini ya ukingo wa Uwanda wa Yatta. Msafiri wa Tsavo huuona uwanda ule kama ukuta ulionyoka usio na mwisho. Ukuta huo ni lava, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi yakatoka nje na kutiririka kama uji. Ilimwagika yapata miaka milioni 13 iliyopita, ikafuata bonde la mto wa kale, ikaganda humo kwa urefu wa kilomita 300 hivi. Baadaye udongo laini wa kandokando ukachukuliwa na maji, lava ngumu ikasalia juu, na lililokuwa bonde likawa kilima.

Lava ya Yatta imekufa zamani. Ya Nyiragongo i hai, na uhai wake huonekana kwa macho.

Mlima huo una urefu wa mita 3,470 juu ya bahari. Kusini yake, mwendo wa kilomita 18 hivi, uko mji wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, umepakana na Gisenyi ya Rwanda. Umbali huo unazidi kidogo tu njia ya kutoka Malindi mpaka Gede. Juu ya kilele mna kasoko, yaani shimo la volkano, lenye upana wa zaidi ya kilomita moja na kuta zinazoshuka wima kama kisima. Ndani ya shimo hilo, kwa miaka mingi ya karne iliyopita na ya karne hii, limekuwamo ziwa ambalo halina maji. Ni ziwa la mawe yaliyoyeyuka, lenye joto la zaidi ya digrii 1,000, na kwa nyakati fulani upana wake umezidi mita 200. Duniani mna volkano nyingi, lakini zilizo na ziwa la namna hii lidumulo kwa miaka ni chache mno.

Katika miaka ambayo njia ilikuwa wazi, wageni walianzia Kibati asubuhi, wakapanda saa tano hivi kupita msituni na juu ya lava ya zamani, wakalala ukingoni katika vibanda, kwa baridi kali. Mchana moshi hufunika mambo mengi. Usiku ndio wakati wake. Aliyewahi kutazama sufuria kubwa ya halua ikipikwa anaweza kupata mfano. Uso wa ziwa hufanya utando mweusi, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Utando huo hupasuka vipande vipande, na katika kila ufa huonekana mstari mwekundu unaong'aa. Vipande husogea taratibu, kimoja huingia chini ya kingine na kuzama, na papo hapo lava mpya hufumuka mahali pengine kama chemchemi, ikirushwa juu na gesi. Mngurumo wake husikika mpaka ukingoni, na hufanana na wa mawimbi yakipiga mwamba wakati wa kusi.

Sababu ya ziwa kutoganda ni hii. Lava itokayo chini huwa na joto jingi na gesi nyingi, kwa hiyo ni nyepesi, nayo hupanda. Ikifika juu hutoa gesi yake hewani, hupoa, huwa nzito, ikashuka tena, na nyingine hupanda mahali pake. Mzunguko huo ukikatika, ziwa huganda. Basi uso wa ziwa ni kama dirisha la nyumba ambayo hakuna awezaye kuingia.

Wazee wa nchi za Kivu na Rwanda walikuwa na habari za mlima huo kabla ya mgeni yeyote. Katika imani zao za kale, roho za waliomfuata Ryangombe zilikwenda kustarehe katika mlima wa Karisimbi, na roho nyingine zilitupwa katika moto wa Nyiragongo. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alifika huko na kupanda mpaka ukingoni. Msafara wake ulianzia Pangani, kwa hiyo wapagazi wa pwani yetu ya Waswahili walikuwa miongoni mwa watu wa mbali wa kwanza kulala chini ya wingu lile jekundu. Vitabu husimulia habari za bwana mkubwa. Habari za wapagazi hazikuandikwa.

Aliyeutangazia ulimwengu habari za ziwa lenyewe alikuwa mtaalamu wa mawe, Haroun Tazieff, aliyeliona mwaka 1948. Baadaye alirudi na wenzake, wakateremka kwa kamba na ngazi mpaka kando ya moto. Tangu hapo imejulikana kwamba ziwa hilo hupanda na kushuka. Wavuvi wa Kilifi, wanaoishi kwa kujaa na kupwa, wasidhani kuwa ni jambo moja, maana bahari hufuata mwezi na bamvua lina siku zake, bali ziwa la Nyiragongo halina kalenda. Laweza kupanda miaka kumi, kisha likatoweka kwa saa moja.

Ndivyo lilivyofanya tarehe 10 Januari 1977. Ziwa lilikuwa limepanda sana, na uzito wake ukizisukuma kuta za mlima. Siku hiyo mbavu za mlima zilipasuka, na lava yote ikamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi, kwa sababu haina mengi ya yale madini yanayoifanya lava iwe nzito kama lami. Kwenye mteremko mkali ilikimbia kwa mwendo uliokisiwa kufika kilomita 60 kwa saa. Mtu hawezi kuukimbia mwendo huo kwa miguu. Hesabu za waliokufa hutofautiana, tangu makumi mpaka mamia. Hata kundi la tembo lilizingirwa. Lava ilipopoa, matundu yenye umbo la miili yao yalibaki katika mwamba.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kulielewa jambo moja ambalo wengi hulikosea. Ziwa la Nyiragongo halikuwaua watu kwa kufurika. Hatari haitoki juu kama maziwa yanayochemka na kumwagika. Hutoka ubavuni, mahali mlima unapopasuka, na pengine karibu kabisa na nyumba za watu.

Mwaka 2002 mambo yalikuja kwa njia nyingine. Wakati huo ziwa lilikuwa limeganda, na mtu aliyechungulia kasokoni angeweza kusema kwamba mlima umelala. Lakini ardhi ilikuwa ikitetemeka tangu miezi ya nyuma, na nyufa zenye mvuke wa moto zilionekana. Dieudonné Wafula, mtaalamu wa mitetemeko katika Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, alitoa onyo kwa wakubwa na kwa wataalamu wa nje. Nchi ilikuwa vitani, na onyo lake halikupata masikio ya kutosha. Tarehe 17 Januari mlima ulipasuka upande wa kusini, na nyufa zikashuka kuelekea mjini. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Rwanda, na wapatao 120,000 wakakosa makao. Katika waliokufa, wengine waliangamia katika kituo cha petroli kilicholipuka baada ya lava kuwa imekwisha simama.

Watu walirudi baada ya siku chache tu, wakitembea juu ya lava ambayo bado ilikuwa na joto. Mkulima hatashangaa. Ardhi ya volkano ina rutuba, hutoa maharage, viazi na ndizi, na ziwa lina samaki. Lava iliyoganda ilivunjwa kwa nyundo ikawa mawe ya kujengea, kama vile watu wa Pwani wanavyochimba mawe ya matumbawe. Katika mitaa mingi ya Goma nyumba na kuta zimejengwa kwa lava ile ile iliyobomoa nyumba zilizotangulia.

Lakini mlima hutoza kodi yake hata wakati wa amani. Moshi wa ziwa una gesi ya kiberiti nyingi kuliko ya mahali pengi duniani, nayo huchanganyika na mvua ikaunguza majani ya mazao. Wanaokinga maji ya mvua hupata ndani yake madini ya floridi, na meno ya watoto huingia madoa. Tena kuna mazuku. Neno hili la watu wa huko limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima. Ni hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, haina rangi, na mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, huku mbuzi au mtoto aliyeinama akaanguka na kufa. Gesi ya namna hiyo hiyo imejaa pia katika vilindi vya Ziwa Kivu. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi yake usiku mmoja, likaua watu 1,700 hivi, nalo ni dogo mno likilinganishwa na Kivu. Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu walishusha pumzi walipoona kwamba lava iliyoingia Kivu haikufika kwenye kina kilicho na gesi.

Ziwa la moto lilirudi kasokoni mwaka ule ule wa 2002, na wachunguzi wa Goma wakarudi kazini. Kazi hiyo si ya fahari. Ni kupanda mlima na kupima kina cha ziwa, kupima joto la nyufa na hewa itokayo, kubadili betri za mitambo ya mitetemeko, na wakati mwingine kukuta mitambo imeibwa. Setilaiti nazo hutazama kutoka angani kama mlima unavimba au unanywea. Miaka ikapita, sakafu ya kasoko ikapanda, na baadhi ya wataalamu wakasema kwamba hali inaanza kufanana na ya mwaka 1977. Mwaka 2020 fedha za msaada wa Benki ya Dunia zilikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kuletea habari kutoka kwenye mitambo yake.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mbingu ya Goma ikawa nyekundu kupita kawaida. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mitambo ilipata dalili ya dhahiri dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka. Mtu asiseme kwa haraka kwamba wachunguzi walilala. Kupanda kwa ziwa kulikuwa kumetoa habari ya miaka. Habari ya siku haikutolewa na ziwa wala na ardhi. Lava iliharibu maelfu ya nyumba na kusimama karibu na kiwanja cha ndege. Watu kama 30 walikufa. Kisha mitetemeko ikaendelea kwa siku kadhaa, mabarabara yakapasuka, na ikajulikana kwamba lava nyingine inajipenyeza chini ya mji wenyewe na chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa mingi ihamwe. Watu wapatao 400,000 wakaondoka, wengine kwa miguu mpaka Sake, wakiwa na magodoro vichwani na mizigo juu ya chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili. Lava ile ya chini haikutoka.

Kasokoni ziwa lilikuwa limetoweka, na mahali pake palibaki shimo refu linalofuka vumbi na moshi. Baada ya miezi, setilaiti ziliona joto tena katika sakafu ya shimo, na mwanga mwekundu ukaonekana chini kabisa. Wachunguzi wakafungua ukurasa mpya, wakaanza tena kupima ni mita ngapi kutoka ukingoni mpaka kwenye moto.